Bi Chaki, Mkata Nguo Aliyejifunza Kusema Mbele ya Watu

Ndugu, majirani, wenzake wa chumba cha kukatia, na nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii kuja kumsindikiza dada yetu, asanteni. Mimi ni mdogo wake wa kiume, ndugu yake wa kuachiana ziwa. Mlioshika karatasi mnaweza kusoma pamoja nami, ila nikiongeza neno ambalo halimo, mnivumilie. Mnanijua.

Dada yetu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, saa moja asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mfua nguo. Mama alitusimulia kwamba hakulia mpaka mkunga alipomchapa mara ya pili, na hata hapo alilia kidogo tu, kama mtu anayeomba radhi kwa usumbufu. Mimi nilifuata tarehe 30 Mei 1953, na mama alisema mkunga yule yule aliomba pamba ya kuziba masikio.

Kazi za nyumbani kwetu ziligawanyika mapema. Dada alipewa akili, mimi nikapewa mdomo. Alipotumwa dukani kununua mafuta ya taa, alisimama mbele ya meza ya duka na chupa yake mkononi, watu wazima wakahudumiwa juu ya kichwa chake mmoja baada ya mwingine, na baada ya saa nzima akarudi na chupa tupu. Mama akaona dawa ni kututuma wawili: dada abebe chupa, mimi nibebe maneno. Mgeni akimwuliza umri wake, nilimjibu mimi, tena nikimwongezea mwaka mmoja ili tupate heshima. Daktari wa meno alipomwuliza linalouma ni lipi, nilifungua kinywa changu nikamwonyesha. Tulikuwa tukicheka sana kwa mambo hayo. Leo nikiyakumbuka nacheka bado, lakini si kama zamani, na sababu yake nitaieleza.

Alianza shule Januari 1958. Kwa kuwa jina lake lilifaa kwa mtoto wa kike na wa kiume, karani wa shule, aliyekuwa na haraka na miwani iliyopasuka, alimwandika kwenye orodha ya wavulana. Dada alimwona akiandika. Alikuwa amesimama pale pale mbele yake, na hakusema neno. Muhula mzima dada yetu alikuwa mvulana kwenye karatasi za shule. Jina lake lilisomwa pamoja na majina ya wavulana, akaitikia. Lilibandikwa ukutani kwenye orodha ya watakaojaribiwa kuingia timu ya mpira, akaenda uwanjani na gauni lake, akasimama pembeni mpaka wakamwambia arudi nyumbani. Mama aligundua mwisho wa muhula, alipoletewa ripoti iliyosema, "Mvulana huyu ni mtulivu na ana mwandiko mzuri."

"Kwa nini hukusema, mwanangu?" mama alimwuliza.

"Karani alikuwa ameshaandika," dada alijibu.

"Mficha uchi hazai. Utaishi na wino wa watu wengine mpaka lini?"

Mama alikwenda shuleni kesho yake, akanichukua na mimi, na mimi ndiye niliyemweleza karani. Nilikuwa na miaka minne, na nilijiona shujaa.

Alimaliza darasa la nane mwaka 1965, wa tatu kati ya wanafunzi thelathini na wanane, na walimu wawili walikiri kwamba hawajui sauti yake ikoje. Kisha alikwenda kukaa kwa mama mkubwa, dada wa mama yetu, aliyekuwa fundi cherehani katika chumba chake cha mbele. Huko, kwa miaka minne, dada alikuwa na raha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Kitambaa hakimwulizi mtu umri. Alijifunza kukata shingo ya duara kwa kukadiria kwa jicho tu, na mama mkubwa akawa anawaambia wateja, "Huyu mtoto macho yake yana futi ndani."

Jumatatu, tarehe 2 Februari 1970, aliajiriwa katika kiwanda cha nguo. Wenzake mliopo hapa mnakijua chumba kile cha kukatia kuliko mimi: ghorofa ya pili, madirisha marefu yasiyofunguka vizuri, meza ya mita kumi na mbili iliyolainika kwa miaka ya vitambaa kuburutwa juu yake, na harufu ya mafuta ya mashine iliyokufuata mpaka nyumbani. Fundi mkuu alikuwa mzee mfupi tuliyemwita Mzee Pini, kwa sababu alizoea kubana pini midomoni na kuongea nazo hivyo hivyo. Ukimzoea, ulimwelewa. Yeye ndiye aliyemfundisha dada kusoma uzi wa kitambaa umelalia upande gani, kutandaza matabaka bila kukunja hata kidogo, na kuiongoza mashine ya kukatia kwa kiganja badala ya vidole. Yeye pia ndiye aliyempa jina la Bi Chaki. Dada akiulizwa jambo mbele ya watu, hakujibu kwa mdomo. Aliinama akaandika jibu kwa chaki juu ya meza. "Matabaka arobaini." "Bado." "Si mimi." Mzee Pini alisoma, akafuta kwa mkono wa shati, kazi ikaendelea. Alimheshimu. Nadhani alikuwa mtu wa kwanza ambaye hakumharakisha.

Mimi niliingia kiwandani humo mwaka 1974, upande wa stoo ya vitambaa, na mkinisikia nikisema nilipata kazi ile kwa ujuzi wangu, msiniamini. Nilipata kwa sababu nilikuwa mdogo wake Bi Chaki.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mmelisikia nusu nusu. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 9 Septemba 1977. Kiwanda kilikuwa na oda ya suruali mia mbili na arobaini za wauguzi. Kwa wasiojua kazi hii: suruali ina mguu wa kulia na wa kushoto, na kitambaa hutandazwa uso kwa uso, ili mashine ikipita mara moja ikate miguu yote miwili. Ukikitandaza chote uso ukiangalia juu, na karatasi ya vipimo ni ya mguu wa kushoto tu, utapata miguu ya kushoto peke yake. Na kitambaa kile kilikuwa na uso unaong'aa na mgongo mkavu, kwa hiyo huwezi kukigeuza ukajifanya hujui.

Siku ile meneja alikuja na wageni watatu wenye suti. Alimtuma Mzee Pini stoo kufuata sampuli za rangi, na mimi ndiye niliyekuwa nikizitafuta, kwa hiyo najua alikuwa huko. Huku nyuma, akitaka wageni waone kasi ya kiwanda, meneja aliwaambia watandazaji wanne, "Acheni kugeuza geuza. Tandazeni moja kwa moja, twende." Wakatandaza moja kwa moja. Dada alikuwa kwenye mashine. Aliona. Wageni walikuwa wamemzunguka, meneja alikuwa ameweka mkono juu ya meza, na wote walimngoja yeye. Alifungua mdomo. Aliniambia baadaye kwamba maneno yalikuwa yamefika hapa kwenye meno, kabisa, na hayakutoka. Akawasha mashine, akakata.

Jumamosi asubuhi washonaji walichukua bunda la kwanza wakaanza kuunganisha. Miguu mia nne na themanini, yote ya kushoto.

Jumapili dada alikuja kwa mama, na tulipokuwa tukiosha vyombo akanieleza yote. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na alikuwa akilia kama mtoto.

"Wanasema ni uzembe wa Mzee Pini," alisema. "Kesho wanamfukuza mbele ya watu wote."

"Niachie mimi," nikamwambia. "Kesho nitasimama niwaeleze wote, meneja na suti zake."

Aliendelea kusugua sufuria ile ile moja mpaka mama akamwambia itatoboka.

Jumatatu, tarehe 12, tulikusanywa chumba cha kukatia, wafanyakazi sitini na kitu. Mbele walikaa meneja na mzee mwenye kiwanda, ambaye tulikuwa tukimwona mara mbili kwa mwaka. Mzee Pini alisimamishwa pembeni, mikono nyuma, na pini zake midomoni. Meneja alisema maneno mengi kuhusu nidhamu, kisha akamaliza, "Fundi mkuu ametutia aibu kwa uzembe. Kuanzia leo hana kazi hapa. Kuna mwenye neno?"

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile tulikuwa wengi, na lilikuwa linaharibika mbele ya macho yetu. Watandazaji wanne walitazama viatu vyao. Nami, kama kawaida yangu, nikaanza kunyanyuka. Dada alikuwa amekaa kando yangu kwenye benchi la nyuma. Alinishika shati kwa nyuma akanivuta nikarudi chini, kifungo kikadondoka, na yeye akasimama.

Nataka mjue alivyokuwa, kwa sababu watu wakisimulia humfanya simba. Hakuwa simba. Alikuwa anatetemeka hadi gauni lake likatikisika. Alitembea kutoka benchi la nyuma mpaka kwenye meza, na ilimchukua muda mrefu. Alipofika alisema kwa sauti ambayo walio nyuma hawakuisikia, "Naomba kitambaa." Mtu akampa kipande. Akakikunja uso kwa uso, akakata kwa mkasi, akainua miguu miwili, wa kulia na wa kushoto. Akachukua kipande kingine, akakitandaza uso juu tabaka mbili, akakata, akainua miguu miwili ya kushoto.

"Hivi ndivyo fundi alivyotufundisha," alisema. "Na hivi ndivyo ilivyofanywa Ijumaa."

Mzee mwenye kiwanda aliegemea mbele. "Ijumaa nani aliamuru hivyo?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Meneja alikuwa anamtazama kutoka umbali wa mkono mmoja. Dada alitoa chaki mfukoni, akainama juu ya meza kama alivyozoea, akaanza kuandika. Aliandika herufi mbili. Kisha akasimama wima, akazifuta kwa kiganja.

"Meneja," alisema, na safari hii hata sisi wa nyuma tulisikia. "Fundi alikuwa ametumwa stoo. Mimi nilikuwepo. Niliona uso umeangalia juu kwenye matabaka yote, nikajua, nikanyamaza, nikakata. Kama kuna mtu wa kufukuzwa kwa kosa hili, ni mimi niliyenyamaza. Huyu mzee hakuwepo."

Mwenye kiwanda aliwauliza watandazaji mmoja mmoja kama ni kweli. Wa kwanza alisema ni kweli, na baada ya hapo wengine wakaona ni rahisi.

Mzee Pini alibaki kazini miaka mingine kumi na moja. Alipotoka mbele siku ile alitoa pini zote midomoni, akaziweka kwenye kiganja, akamwambia dada, "Asante, mwanangu." Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiongea bila pini, na sauti yake ilikuwa nzuri tu. Dada naye hakutoka salama. Meneja alimhamishia kufungasha mizigo kwa miezi sita, akifunga kamba maboksi chini kwenye korido yenye baridi, mpaka meneja huyo alipoondoka. Hakulalamika. Alisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na kwamba kwenye korido hakuna anayemwuliza swali. Ama ile miguu mia nne na themanini, kiwanda kiliikatia wenzake wa kulia, na wauguzi wa hospitali mbili wakavaa suruali mpya mwaka ule badala ya hospitali moja.

Msidhani alipona siku ile. Mimi nilidhani hivyo, na nilikosea. Wiki iliyofuata alikwenda posta, karani akampa stempu ambazo hakuziomba, akarudi nazo nyumbani. Alikuwa amegundua tu kwamba hofu haiui, ila haikuwa imeondoka. Kwa hiyo aliishughulikia jinsi alivyoshughulikia kitambaa, kidogo kidogo na kwa vipimo. Alijiwekea sharti la sentensi moja kwa kila mkutano. Moja tu, hata kama ni kuuliza saa ngapi tunamaliza. Sentensi hiyo aliiandaa siku mbili kabla.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 21 Aprili 1979, na fundi saa aliyekuwa na kibanda cha kioo karibu na lango la kiwanda. Shemeji yetu alikuwa mkimya kumzidi yeye. Walichumbiana mwaka na nusu, na nina hakika kwamba maneno yote waliyosemezana muda huo yangetosha kwenye kadi moja ya posta. Alipokuja nyumbani kuposa, alikaa, akanywa chai, akakohoa, akanywa tena. Baba akamtazama, akanitazama. Nikajua zamu yangu imefika, nikashika pumzi nianze. Dada akatokea mlangoni akasema, "Baba, amekuja kunioa, na mimi nimekubali." Baba aliweka kikombe chini, akasema, "Basi tuongezeeni chai."

Katika nyumba yao ya kwanza, jiko na chumba cha shemeji cha kurekebishia saa vilitenganishwa na ukuta wa mbao. Siku moja nilifika bila kubisha hodi nikamkuta dada amesimama mbele ya sufuria, mwiko mkononi, anasema kwa adabu, "Mwenyekiti, ningependa kuuliza kuhusu ule mlango wa nyuma unaozibwa na marobota." Kutoka upande wa pili wa ukuta, bila kuinua macho kwenye saa yake, shemeji akajibu, "Mwenyekiti amekusikia. Sema tena, polepole, umemeza mlango." Akasema tena. Nilirudi nje, nikabisha hodi upya, na sikuwaambia kwamba niliwasikia. Mlango wa nyuma wa chumba cha kukatia ulifunguliwa mwezi uliofuata, na upo wazi hadi leo. Mwaka ule dada alipandisha sharti, akawa na sentensi mbili. Walijaliwa watoto watatu, binti wawili na mvulana, mwaka 1980, 1983 na 1987.

Mzee Pini alipostaafu mwaka 1988, dada akawa fundi mkuu. Jambo la kwanza alilofanya ni kuweka utaratibu ambao viwanda vingine viliucheka, na baadaye viwili vikauiga. Kwenye meza yake, mashine haikuwashwa mpaka mfanyakazi mgeni kuliko wote apite kandokando ya matabaka, atazame, kisha aseme kwa sauti, "Kata." Wazee wa kazi hawakuruhusiwa kulisema neno hilo. Asiposema, watu wote walisimama. Kulikuwa na msichana mmoja, yupo hapa na nywele zake ni nyeupe sasa, ambaye wiki yake ya kwanza alisema "Bado" kwa sauti kama ya nzi. Meza nzima ikasimama, wakakagua matabaka sitini, wakakuta hayana kasoro yoyote. Wanaume wakaanza kucheka.

"Mnacheka nini?" dada aliwauliza. "Afadhali tusimame bure mara kumi, kuliko mtu aone kosa akakata huku anajua."

Kisha akamgeukia msichana. "Umefanya vizuri. Ulikuwa na shaka gani?"

Na akasubiri jibu. Hilo la kusubiri ndilo lililokuwa lake hasa. Dada aliweza kumwuliza mtu swali halafu akakaa kimya muda ambao mimi ningekuwa nimeshajibu, nimejisahihisha na nimeaga. Hakumalizia mtu sentensi. Mtu akigugumiza, yeye alikunja futi yake taratibu akimtazama usoni, na mtu hatimaye alisema.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2006. Aliendelea kufundisha ukataji nyumbani, chumba cha mbele, kama mama mkubwa. Shemeji alifariki tarehe 17 Oktoba 2011, na baada ya hapo nilimkuta dada mara kadhaa amekaa jikoni amegeukia ukuta wa mbao. Hakusema kitu, na mimi, kwa mara moja katika maisha yangu, sikusema kitu.

Februari 2022 moyo wake ulianza kumsumbua. Alilazwa hospitali ya wilaya mara nne. Mara ya tatu, mwaka jana mwezi wa Novemba, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake daktari mkubwa alipopita na wanafunzi wake, makoti meupe kama kumi hivi. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akiugulia maumivu tangu alfajiri. Daktari alisoma faili lake akasema anaendelea vizuri, ataruhusiwa. Bibi akaitikia, "Ndiyo, daktari," na machozi yalikuwa yanamtoka. Nikasimama ili nimweleze daktari. Dada, na mirija yake puani, akaniwahi.

"Daktari," alisema, "mgonjwa huyu ana neno."

Makoti yote yakageuka. Nilidhani ataendelea, aeleze maumivu yako wapi na yalianza lini, maana alikuwa anayajua yote. Hakueleza. Akamgeukia bibi akamwambia, "Haya, mama. Wanakusikiliza. Hatuna haraka." Daktari alitazama saa. Dada akamtazama daktari, na daktari akaacha kutazama saa. Ikapita dakika nzima. Kisha bibi akaweka mkono ubavuni na akaanza kusema. Hakuruhusiwa siku ile. Alipelekwa kupasuliwa mchana wake, na mwezi huu alikuja nyumbani kutoa pole kwa miguu yake mwenyewe.

Walipoondoka nilimwuliza dada kwa nini hakumsemea tu, ingekuwa haraka.

Alifikiri kwa muda wake wa kawaida. "Ulinisaidia sana tulipokuwa wadogo, mdogo wangu," alisema. "Lakini ulinichelewesha."

Nilikuwa na miaka sabini na hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno lililonichoma hivyo. Nilikumbuka duka na chupa, karani wa shule, jino nililoonyesha kwa kidole kinywani mwangu. Kila mara nilipomsemea, nilichukua zamu iliyokuwa yake, nikapigiwa makofi. Dada aliniona, akanipapasa mkono, akasema, "Usilie sasa. Ulikuwa mtoto. Na mimi nilikuwa naona raha, nisikufiche." Tulicheka wote wawili mpaka muuguzi akaja kutuonya.

Alifariki Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, saa nne na robo asubuhi, katika wodi hiyo hiyo, binti yake mkubwa akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tatu. Siku mbili kabla alikuwa ametupangia shughuli ya leo, na alipofika kwenye wasifu alinipa maagizo ambayo nimeyaandika ili nisiyakwepe. Nawasomea: "Wewe utasoma, najua hutakubali vinginevyo. Lakini ukimaliza, ukae. Usimkaribishe mtu, usimtaje mtu, usiongeze hadithi. Acha dakika tano. Hapo kutakuwa na mtu mmoja ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu, ana neno lake na moyo unamdunda. Ukisema wewe, atashukuru kwamba ameokoka, na ataondoka nalo. Mwache asimame mwenyewe. Na asiposimama mtu, nyamazeni wote dakika tano, hazitawaua."

Nilimwambia dakika tano ni nyingi, watu watadhani nimesahau karatasi. Akaniambia nikashone mdomo.

Dada yetu ameacha binti wawili na mtoto mmoja wa kiume, wakwe watatu, wajukuu saba, mimi mdogo wake na mke wangu, wifi yake, na wakata nguo ambao hawakuwahi kuhesabiwa, aliowafundisha kutazama matabaka kabla ya kusema neno.

Mungu ampokee vizuri, na amsikilize mpaka mwisho wa sentensi. Alale salama dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, akachelewa kusema kwa sababu yangu, na akasema vizuri kuliko mimi.

Wewe mwenye neno, sikutazami. Dakika zake tano zinaanza sasa.